Mguu Wangu Hauna Mchawi

Nianze kwa kusema kwamba mimi na mama mkwe wangu hatupendani. Nasema mapema ili asije mtu akadhani haya ni masimulizi ya wakwe wema wanaopikiana uji na kubebana mgongoni. Thubutu! Yule mama tangu ahamie kwetu Kalangalala, Geita, kutoka kijijini Shinyanga, alinikosoa kuanzia ninavyofagia hadi ninavyokohoa. Mchicha wangu una chumvi, watoto wangu wana domo, dagaa wangu wananuka. Dagaa wananuka, jamani! Sasa alitaka wanukie marashi? Nami sikuwa namwachia. Akisema moja, mimi nasema moja na nusu, na majirani walikuwa wanapunguza sauti ya redio wasipitwe.

Kazi yangu ni hao hao dagaa. Nawafuata Nkome, kule ziwani wanakoanikwa mchangani, narudi nao Geita mjini nawauza kwa kopo. Kwa miaka mingi niliuza nikiwa nimekaa. Nilikuwa na genge pembeni ya barabara, kigoda changu, mwavuli wangu, wateja wananifuata wenyewe. Kisha tukaambiwa tuondoke pale kupisha ujenzi. Wenzangu walilia, wengine wakaenda kuomba omba mahali pengine. Mimi nilijiapiza kwamba hakuna atakayewalaza njaa wanangu, na kesho yake asubuhi nikaweka beseni kichwani, nikaanza kuzungusha dagaa nyumba kwa nyumba.

Mji wetu ni wa vilima na mawe. Unapanda, unashuka, unapanda tena, shingo imekaza, miguuni ndala nyembamba zilizolika upande mmoja. Sikuanza taratibu. Mimi sijui kuanza taratibu, hata kula nakula kwa haraka. Kutoka kukaa kutwa nzima niliingia kutembea kutwa nzima, beseni limejaa pomoni, na nikawa najisifu kwamba kiuno kimerudi kama cha usichana. Mume wangu, ambaye yuko machimboni Rwamgasa na huja nyumbani kwa kuvizia, aliniona akasema nimependeza. Basi nikaongeza na mitaa ya mbali zaidi.

Maumivu yalianza kijinga tu. Juu ya mguu wa kulia, pale panapofunikwa na mkanda wa ndala, kulikuwa na kitu kama jino linalotaka kuuma. Asubuhi hakipo. Jua likipanda kinakuja. Nikikaa kivulini kinanyamaza. Nilifunga kitambaa nikaendelea, maana nani ana muda wa kubembeleza mguu? Baadaye kikawa kinakuja mapema zaidi, kabla sijafika hata nyumba ya tatu, na nikifika kwenye mteremko nakanyaga kwa upande kama bata. Nikasema potelea mbali, utazoea tu.

Ndipo tukagombana. Ilikuwa juu ya jambo dogo, hata sikumbuki kama ni sufuria au ni mwana kutorudi kwa wakati. Mama mkwe alikuwa amesimama uani, na bombani wamejaa wanawake na ndoo zao. Akapiga makofi, akapaza sauti: "Mke gani wewe kutwa barabarani! Hiyo miguu inayozurura itakukataa! Utaniambia! Itakukataa ukae chini kama wanawake wenzako!" Nami, kwa hasira zangu, nikamjibu kwamba ikinikataa nitatambaa, lakini kukaa kumwangalia yeye sikai. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikabeba beseni nikaondoka zangu.

Wiki ile ile mguu ukavimba. Ulivimba juu, ngozi ikang'aa, na nikikanyaga naona nyota mchana. Sasa hapo ndipo shida ilipoingia. Sikuwa nimeanguka. Sikuwa nimejikwaa kwenye jiwe, sikuchomwa na mwiba, hakuna jeraha hata la kuweka kidole. Kwetu mguu ukivimba bila sababu, sababu yake inajulikana. Watu wanasema umekanyaga kitu. Yaani umetegewa dawa njiani, chini ya mchanga, ukaipita bila kujua, na dawa ikakupanda. Tego, basi. Na tego lazima liwe na mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa alisikia, akaja kutoka Shinyanga na pikipiki yake. Kaka ni mtu wa ng'ombe na mashamba, mpole kwa mifugo na mkali kwa binadamu. Tangu baba afariki amejipa kazi ya kunilinda, niwe nimemwomba au sijamwomba. Nimpe haki yake, alinipeleka hospitali kwanza. Nikapigwa picha ya mfupa. Daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama sana, akasema: "Kwenye picha sioni mfupa uliovunjika."

Kaka alisimama pale pale. Kwake maongezi yalikuwa yameisha. Mimi nilibaki nimekaa, nikasikia yaliyobaki. Daktari alinibonyeza kwa kidole kimoja juu ya mguu, sehemu moja tu ndogo kama punje ya hindi, nikaruka nusura nimpige teke. Akasema: "Umeona? Kuna ufa mwembamba ambao picha za mwanzo huwa hazioni. Usibebe mzigo, usitembee, urudi baada ya wiki chache turudie." Nilimwelewa vizuri sana. Kaka alikuwa ameshatoka nje, anapiga simu.

Mpaka tunafika nyumbani, ukoo mzima Shinyanga ulikuwa unajua kwamba mashine imeangalia ndani ya mfupa na haikuona kitu. Hilo ndilo walilolishika. Mtu anaweza kudhani picha safi ingewatuliza. Wapi! Iliwathibitishia. "Mdogo wangu," kaka aliniambia, amekaa kwenye kochi langu na kofia mkononi, "mashine ya wazungu inaona hadi uboho. Sasa kitu kinachovimbisha mguu na mashine haikioni, ni kitu gani hicho?" Nikamwambia daktari amesema kuna ufa. Akasema ufa gani usioonekana. Nikamwambia hata yeye akili zake hazionekani, lakini tunamvumilia. Hakucheka.

Kisha akaniuliza, taratibu, kama anayemwongoza ng'ombe kwenye josho: "Umegombana na nani siku hizi?"

Bomba zima lilikuwa limesikia. Itakukataa, alisema yule mama, na mguu ukanikataa.

Nimezaliwa na kukulia Shinyanga, najua mambo haya yanavyokwenda. Nikiwa mtoto, karibu na kwetu aliishi bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia samadi. Mtoto wa mtu akaugua, jina la bibi likatajwa. Mwanzo hakuna aliyemgusa. Waliacha tu kumsalimia. Akipita watu wanaangalia pembeni. Halafu asubuhi moja tulikuta nyumba yake imebaki kuta nyeusi, na tukakatazwa kuuliza. Kwetu jina likishatajwa halirudi mdomoni, linatembea lenyewe. Nilijua hilo nikiwa na mguu juu ya stuli, na nilimtazama kaka yangu ninayempenda nikaona ameshika kiberiti bila kujua.

Nikamwambia: "Kaka, sikia. Sijategewa. Nimetembea sana, basi."

"Wanawake wote wanatembea."

"Wanatembea tangu wadogo. Mimi nilikaa gengeni miaka, nikainuka siku moja na beseni."

Alitikisa kichwa. Alikuwa ameshapata mganga wa kunipeleka, upande wa Kahama, eti hodari sana, hahitaji hata kuuliza. Ebo! Hahitaji kuuliza wakati kaka mwenyewe ameshamweleza kila kitu kwenye simu? Nikasema siendi. Akasema nitaenda. Nikasema labda anibebe kama gunia, na njiani nitapiga kelele mpaka polisi watoke kambini. Akaondoka kwa hasira. Pale uani alimpita mama mkwe wangu anachambua mchele, mtu mzima umri wa mama yetu, akampita bila shikamoo. Nilimwona kupitia dirishani. Iliniuma kuliko mguu.

Mume wangu alikuja kutoka Rwamgasa, bado ana vumbi masikioni. Nilidhani yeye ndiye atakayesimama, maana mama ni wake. Akakaa, akaangalia sakafu, akasugua mikono. Mwisho akasema: "Labda mayu akapumzike kidogo kwa dada, kule Nkome. Mpaka maneno yapoe." Mayu ndivyo wanavyomwita mama kwa Kisukuma, na alilitamka kwa upole, kama vile ni zawadi anampa.

Nilisonya sonyo refu. "Akapumzike nini? Amechoka? Akitoka humu leo, amekiri. Nkome watasikia kabla hajashuka kwenye gari, na huko hana hata wewe wa kukaa kimya mbele yake."

"Unamtetea leo?" aliniuliza. "Si juzi tu ulisema amekukalia kooni?"

"Amenikalia kooni. Hajanikalia mguuni."

Nitasema ukweli wangu wote. Ingekuwa rahisi. Ningenyamaza tu. Wala nisingesema neno baya, ningejifanya mgonjwa, ningeugulia kidogo, na yule mama angeondoka nyumbani kwangu, mchicha wangu ungerudi kuwa na chumvi ninayoitaka mimi. Kila mtu alikuwa ananipa nafasi hiyo mkononi. Ndiyo maana nilikasirika namna ile. Watu wazima, wana simu za kupangusa, wana watoto wanaosoma, wanakuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimeota ndoto yoyote! Jirani mmoja aliniletea majani ya kuogea. Nikamwambia akaogee yeye. Mwingine akasema tego hufanya mguu uwake moto mchana. Nikamuuliza: tego gani hili linalopumzika nikipumzika? Jumapili nilikuwa siuzi, na Jumapili mguu ulikuwa hauumi. Uchawi gani unaokwenda kanisani? Akaondoka amenuna, na maneno yangu nikasikia yamefika bombani, yanachekwa. Waache wacheke. Anayecheka hashiki kiberiti.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa ndani ya nyumba. Mama mkwe alinyamaza. Niliweka chumvi kwenye mboga kwa makusudi, akala. Watoto wakapiga makelele, hakusema kitu. Asubuhi nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, macho chini, kama mgeni aliyekaa mno. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakosa kugombezwa. Nilimchokoza. Nilisema kwa sauti kwamba mchele ameuchambua vibaya. Akauchukua, akauchambua upya. Toba!

Wiki za daktari zikaisha. Sikuwa nimepumzika vizuri, sitasema uongo. Nilikuwa naruka kwa mguu mmoja kwenda jikoni, na siku nyingine nausahau nakanyaga. Kaka aliporudi nilimwambia twende wote, na safari hii asitoke nje. Daktari alikuwa yule yule. Picha mpya akaiweka kwenye mwanga pamoja na ya zamani. Hata mimi nisiye na elimu ya mifupa niliona. Katika mmoja wa ile mifupa mirefu inayoelekea vidoleni, palikuwa na mstari mwembamba, na kuuzunguka kuna uvimbe mweupe, kama mahali fundi alipounga nondo.

"Huo mweupe ni mfupa mpya," daktari alisema. "Mwili wako unaziba ufa. Ndiyo maana sasa unaonekana. Mwanzoni ulikuwa mwembamba mno." Akamgeukia kaka. "Ukichukua waya ukaukunja na kuukunjua mara nyingi, unakatika bila kupigwa na nyundo. Mfupa nao unachoka. Ukipewa nafasi unajijenga. Huyu hakuupa nafasi, alitoka kukaa akaanza kubeba na kutembea kutwa, na viatu vyepesi. Tunawaona wengi, hata wanaobeba mawe machimboni." Akasema kwa kuwa sikupumzika, nitafungwa plasta ngumu, lile tunaloliita hogo, na magongo ya kutembelea. Nikipona nianze kidogo kidogo, na nitafute viatu vyenye soli.

Nilimtazama kaka. Nilikuwa nimeshinda, nilitaka nione uso wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa ameinamia ile picha, anaufuata ule ufa kwa kidole bila kuugusa. Alielewa, niliona kabisa ameelewa. Kisha akasema, taratibu: "Sawa. Mfupa umechoka. Lakini wanatembea wengi. Nani aliyeutuma uchovu uje kwako?"

Niligonga meza ya daktari kwa kiganja. "Mimi! Mimi ndiye niliyeutuma! Kwa beseni langu na ndala zangu na ubishi wangu! Unataka mchawi, huyu hapa, nikamate mimi!" Wagonjwa wa kwenye korido wakachungulia. Daktari akaniomba nikae chini. Kaka akavaa kofia.

Nilirudi nyumbani kwa bajaji, hogo limetangulia mbele, yeye nyuma na pikipiki. Tulipofika nikaona mlango wa mbele uko wazi, na ndani mama mkwe amevaa gauni lake la kanisani, ameshika furushi la kitenge. Nguo zake zote zilikuwa humo, hana nyingi. Mume wangu alikuwa amempigia simu kutoka Rwamgasa kwamba dada yake anamsubiri Nkome. Kaka naye, bila hata kuniangalia, akasema pale mlangoni: "Mimi nitamfikisha stendi." Walikuwa wamepanga. Nikiwa nafungwa hogo, wao walikuwa wanapanga.

Nikamwambia mama: "Picha imeonyesha. Ni mfupa. Umechoka kwa kutembea."

"Yaya," alisema. Yaya kwao ni hapana. "Yaya, mwanangu. Nilisema mimi. Nilisema itakukataa, na nilikuwa na hasira, nilitaka ikukatae kweli. Labda Mungu alinisikia. Labda ndivyo nilivyo na sikujijua." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, na alikuwa anaamini kila neno. Walimwangalia pembeni hadi akaanza kujiangalia yeye mwenyewe hivyo hivyo.

Sijui kubembeleza. Basi nikatupa magongo, nikajishusha kizingitini, mgongo ukaegemea fremu moja ya mlango, na hogo langu nikalinyoosha hadi fremu ya pili. Mlango ukazibika.

"Pita," nikamwambia.

Kwetu miguu ya mtu hairukwi. Hata mtoto mdogo akiiruka kwa kucheza, anarudishwa airuke tena kwa kinyume ili alichokifunga kifunguke. Mtu mzima akiiruka, tena mkwe, tena mguu mgonjwa, hiyo haina maelezo mengine ila uchawi. Kaka alijua. Majirani waliokwisha kusogea walijua.

"Toa mguu nipite," mama mkwe alisema.

"Sitoi. Kama ni mchawi, ruka. Umalize kazi."

"Dada, toa mguu!" Kaka alikuwa ameshuka kwenye pikipiki.

"Wewe unaogopa nini? Si umesema alishanimaliza? Mwache aruke!"

Mama mkwe aliangalia mguu, akaangalia furushi. Alinyanyua wayo kidogo, kiasi cha upana wa mkono, nikaona midomo ya kaka imefunguka. Akaurudisha chini. Kisha akapiga magoti pale pale sakafuni, na mikono yake miwili ikaelekea kwenye hogo langu.

"Usimguse!" kaka alipiga ukelele.

"Niguse," nikasema.

Akaninyanyua mguu kwa viganja, pole pole, kama kitu cha udongo kibichi, akasukuma furushi chini yake, akalipapasa likae sawa, akanilaza mguu juu. "Vidole vimevimba kama vitumbua," alisema, na kamasi zinamtoka. "Watu wamekufunga hogo, unakaa chini na mguu sakafuni. Mjinga mkubwa wewe. Na nani atakunyanyua hapo, na uzito huo?"

Nguo zake zote zilikuwa chini ya mguu wangu. Nami nilikuwa nalia kwa sauti, sioni aibu kusema. Kaka alipanda pikipiki yake, watu wote wanamtazama. Halafu akapiga kiki akaondoka, siti ya nyuma tupu.